Jiko la Mkwe

Baraka, 6 Machi 2023

Shemeji Fanny,

Natumaini barua hii inakukuta umepona homa. Kama bado, kunywa dawa kwanza, mimi nitangoja. Dada yako Pulchérie anakusalimu sana na anauliza kama ile blauzi ilikutosha. Mtoto wetu Eddy ameota jino na sasa anang'ata kila kitu, pamoja na kiatu changu cha kazini. Mvua imeharibu tena barabara ya Fizi, unga umepanda bei, lakini tunakula. Mpe mama mkwe salamu zangu za heshima, na mwambie nimeuliza habari za mgongo wake.

Sasa tuje kwenye kazi. Naandika kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga, unaweka sauti kubwa, ua mzima unasikiliza, na jibu ni lile lile: "Iko muzuri, tunashukuru." Tangu Februari tulipojenga jiko la kukaushia samaki hapo kwenu nimeambiwa ni zuri mpaka neno lenyewe limenichosha. Zuri kwa nini? Kwa nani? Samaki aina ya mikeke wanakauka vizuri kwenye trei za juu au za chini? Mlango wa bati unaunguza mikono au hauunguzi? Wewe ni mwalimu, Fanny. Mwanafunzi akikujibu "nzuri" kwenye mtihani unampa alama ngapi?

Mkubwa wangu wa kazini, Casimir, aliyetoka Bukavu kutufundisha, anasema msimamizi wa bidhaa anajulikana kwa tabia zake kabla ya akili zake. Asimwulize mtu kama anakipenda kitu, amwulize jana alikifanyia nini. Asikipende kitu chake kuliko watu watakaokitumia. Na habari mbaya aitafute mapema, kabla haijamtafuta yeye. Nimeyashika yote hayo. Lakini nitatafuta wapi habari mbaya kama ninyi mnanipa sukari tu?

Mwezi wa tisa Casimir ataamua. Jiko likikubalika, litajengwa katika bandari zote za huku kwetu. Likikataliwa, kitengo changu kinafungwa na mimi naondoka nacho. Nililiweka kwa mama mkwe kwa makusudi, ili nipate watu wasionificha. Basi msinifiche.

Shemeji yako,
Jérémie


Kazimia, 2 Aprili 2023

Shemeji Jérémie, msimamizi mkuu wa matofali,

Homa imekwisha, blauzi inanibana kwapani, mgongo wa mama uko pale pale. Barua yako ilichelewa kwa Useni kwa sababu injini ya boti yake ililala, na mwenyewe akaamua kulala pia. Darasani nina watoto wengi kuliko madawati. Mwambie Pulchérie kwamba jirani yetu Siti amepata mjukuu wa kike na kila mtu anasema anafanana na baba, maskini.

Nilimsomea mama barua yako, ila niliruka maneno ya sukari. Akauliza: "Huyu mukwe, kazi yake ni nini sasa?" Nikajaribu kumweleza, nikakwama. Matofali hujengi wewe, samaki hukaushi, sokoni huonekani. Nikasema kazi yako ni kuuliza maswali. Mama akasema basi unaifanya vizuri.

Kuhusu jiko: mama anasema ni zuri na anashukuru. Wanawake wenzake wa kikundi wanasema ni zuri na wanashukuru. Mlango haujamuunguza mtu. Kuni tunazotumia kwenye jiko lako ni chache sana, chache ajabu, hilo naweza kuliapia. Zile mlizotuachia mlipomaliza kujenga bado zipo.

Ukiniuliza zaidi ya hapo, nitakujibu kwamba ni zuri.

Fanny


Baraka, 24 Aprili 2023

Shemeji mpendwa,

Tuko wazima. Pulchérie amecheka kuhusu mjukuu wa Siti mpaka akamwamsha mtoto. Nimekutumia chaki mbili za rangi kwa mkono wa Useni. Akizikana, mpekue mifuko.

Umenipa neno moja la maana katika barua nzima, na neno hilo ni kuni. Nilipomsomea Casimir kwamba zile za mwanzo bado zipo, alisimama. Akaandika ubaoni. Akasema hajawahi kuona jiko linalobana kuni namna hiyo, si Bukavu, si Uvira. Ripoti imeshakwenda kwa wafadhili. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nililala kama mtu.

Lakini asubuhi yake nilikuwa ufukweni, nikamwona Useni akipakia kuni kwenye boti. Nikamwuliza za nani. Akasema za Kazimia, za wanawake wa samaki. Nikamwuliza wanawake gani. Akaniangalia kama mtu aliyekanyagwa, akasema injini yake inamngoja.

Fanny, sina hasira bado. Naomba unijibu swali dogo, lile la Casimir kuhusu jana. Siku moja kabla ya kupokea barua hii, mama mkwe alikausha samaki gani, wapi, na moto aliuwasha nani? Usiniandikie anavyoona. Niandikie alivyofanya.

Jérémie


Kazimia, 4 Juni 2023

Shemeji,

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kuandika, bora niseme wazi. Injini ya Useni ni nzima.

Nyumbani amani. Mama alikwenda mazishini Lusenda akarudi amechoka. Chaki zimefika, watoto wamekula ya waridi.

Swali lako dogo si dogo. Unataka niwe mtu wako wa kuchungulia mama yangu jikoni kwake na kukuandikia anachofanya. Mimi ninalala kwenye nyumba ile, shemeji. Wewe unauliza, boti inaondoka, na mimi nabaki na macho yake. Alishaniambia maneno yake kuhusu jambo hili, na aliniambia mara moja tu, jinsi anavyosema jambo asilotaka kulirudia.

Mbona huji? Ulikuja siku fundi alipojenga, ukasimama kwa mbali barabarani, ukaelekeza kwa kidole. Tangu hapo umemtuma kijana wa ofisini mara kadhaa. Kila akija, habari za boti zinamtangulia, na akifika anakuta jiko lina moshi. Kwako huo ni ushahidi. Casimir hakukufundisha tabia ya kuja bila kupiga hodi ya boti?

Ndiyo, najua kwa nini huji. Tangu ulipomwoa dada yangu hujawahi kukaa uso kwa uso na mama. Ukipita yeye anazunguka nyuma ya nyumba, akipita wewe unainamisha kichwa. Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, haoni sufuria zake, hamwoni akiwa amejifunga kanga ya kazi. Ndivyo tulivyolelewa na sikucheki. Lakini kati ya nyua zote za Kazimia, ukachagua ua usioweza kuingia. Halafu unanikasirikia mimi kwamba sikuonyeshi ndani.

Fanny


Baraka, 26 Juni 2023

Fanny,

Pulchérie hajambo, mtoto hajambo.

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara inanichoma mahali papya. Sikujibu haraka kwa kuogopa nitaandika nini. Bado naogopa.

Casimir anataka kuanza kununua matofali ya bandari nyingine kabla ya mwezi wa tisa, kwa sababu ya ile habari ya kuni. Habari niliyompa mimi. Ananisifu mbele ya watu. Jana alisema kwenye mkutano: "Mutazame Jérémie, yeye anasikiliza batu." Wenzangu wakapiga makofi na mimi nikatamani kuingia chini ya meza.

Nitakuja Julai. Sitamtuma kijana na sitamwambia Useni siku. Nitapanda boti ya mtu mwingine. Mwambie mama mkwe au usimwambie, sijui tena lililo la heshima ni lipi. Nitakaa nje ya ua, kwenye uzio wa matete upande wa Siti. Sitaingia. Lakini safari hii nitasikia.

Jérémie


Baraka, 25 Julai 2023

Fanny,

Nimefika salama, ziwa lilikuwa shwari, Pulchérie anashukuru kwa samaki. Nimemaliza salamu.

Nataka kuandika tuliyoyasikia ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba nilielewa vibaya. Nilipofika uzioni, jiko langu lilikuwa baridi. Ndani yake, Siti alikuwa ameweka kuku anayeatamia. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa unapanda, ule wa zamani, wa vichanja vilivyo wazi. Wanawake wote wa kikundi walikuwa huko wakicheka. Nilikohoa. Kicheko kikakatika kama redio iliyoisha betri.

Mama mkwe alikuja akaketi upande wa pili wa matete, amenipa mgongo, na wewe ukasimama pembeni kati yetu. Nikasema ninachotaka kujua. Yeye akasema na wewe, na wewe ukasema na mimi, ingawa nilisikia kila neno kabla hujafungua mdomo. Nilihesabu moyoni ni kitu gani kitakuwa kibaya: moshi, mlango, joto. Hakuna hata kimoja.

"Ambia mukwe jiko yake iko na nguvu," alisema. "Samaki inakauka. Lakini inatoka mule yote rangi moja. Ya mi, ya Siti, ya nani, yote moja. Batu ya Kilembwe banakuyaka huku kutafuta samaki ya mi juu banajua rangi yake. Sasa bataijua aje?"

Wewe ukarudia kwamba watu wa Kilembwe huja huku kwa samaki wake kwa sababu wanaijua rangi yao, na jiko linaifuta. Mimi nikauliza kwa nini hakusema tangu mwanzo, tangu Februari. Akajibu akiwa bado amenipa mgongo.

"Mukwe akikuletea kitu mbele ya batu bote, unamwambia hakifae? Mi nilikataza bamama bote. Nikasema, jiko hii ni ya mutoto wetu, muntu asifungue kinywa."

Hilo hukulirudia, Fanny. Nikaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo kuni zilikuwa chache kwa sababu hakuna aliyewasha moto, ila siku alizokuja kijana wangu, tena kwa majani mabichi, ili moshi uonekane. Na wewe uliapa! "Chache ajabu." Ulicheka ulipoandika vile? Mimi nilisimama mbele ya watu nikasifiwa kwa jiko la kuku. Ulijua tangu siku ya kwanza na ukaniacha niende nalo mpaka kwa wafadhili. Hasira niliyo nayo, sijui niiweke wapi. Kwa mama mkwe siwezi. Kwa hiyo pokea wewe.

Jérémie


Kazimia, 13 Agosti 2023

Shemeji,

Sisi wazima, mgongo wa mama umezidi. Nimepokea hasira yako, haikupungua njiani.

Nilijua. Na nilikwambia kwa njia niliyoachiwa. Nilikwambia kuni hazitumiki. Wewe ukasikia ulichotaka. Mtu anayesema kazi yake ni kutafuta habari mbaya aliipata mkononi akaipigia makofi. Nilikwambia moshi unawashwa kijana wako akija. Ulinijibu baada ya majuma matatu kwamba nakuchoma. Basi usiseme nilikuacha.

Nami nina yangu. Kati yako na mama, mimi ndiye niliyesimama kwenye uzio nikirudia maneno kama kasuku. Umewahi kujiuliza ninaonaje? Wewe unamheshimu, yeye anakuheshimu, na heshima yenu yote nimeibeba mimi kichwani, kila juma, kwa miezi. Nimechoka, Jérémie. Sitaki kuandika "iko muzuri" tena mpaka nife.

Tangu siku ile mama hali vizuri. Anasema amekuvunjia heshima. Anasema kama ungekuwa mtu wa mbali, mzungu au Mburundi wa kambini au yeyote, angemwambia siku ya kwanza kwamba hilo jiko ni la kuoka mikate. Usiku wa juzi aliniuliza: "Bataachisha yeye kazi juu ya mi?" Wewe unalo jibu?

Fanny


Baraka, 22 Septemba 2023

Shemeji Fanny,

Pulchérie anaumwa kidogo na malaria lakini anapata nafuu. Eddy anatembea akishika ukuta. Nimekuwekea dawa ya mgongo ya mama kwenye mfuko wa bluu, mwambie Useni asiikalie.

Kuhusu hasira yangu: ulikuwa na haki katika mengi. Naandika mstari huu mmoja, usiutafute mwingine.

Nilikwenda kwa Casimir na kumwambia yote, pamoja na kuku. Alidhani natania. Kisha alikasirika kwa namna ya watu wa ofisini, yaani alianza kuniita bwana. Bwana Jérémie, umewapeleka wafadhili ripoti ya jiko lisilowashwa. Bwana Jérémie, tabia ya kwanza niliyokufundisha ilikuwa ipi? Nikamjibu kwamba tabia zote nilizishika, ila hakuna aliyenifundisha kwamba mtu asiyeweza kukukatalia hawezi kukusaidia. Akasema hilo halihitaji kufundishwa. Labda Bukavu halihitaji.

Alitaka kufunga kitengo siku ile ile. Nilibishana naye kwa mara ya kwanza. Nikamwambia jiko si bovu, limekosa kitu kimoja tu, na wanawake wa Kazimia wanajua ni kitu gani, lakini hawatakisema maadamu lina jina langu. Mpe mtu mwingine. Mpe mwanamke, asiye na ndugu huko. Akaniuliza kama naelewa ninachoomba, kwa sababu nafasi ni moja na mshahara ni mmoja. Nikasema naelewa.

Amempa Tania, msichana wa Uvira anayesimamia kitengo cha sabuni. Mimi kuanzia Oktoba niko ghala, napokea na kutoa mizigo. Mshahara umeshuka. Pulchérie anajua na hajasema neno, na kunyamaza kwake unakujua.

Nataka kuandika kwamba nina amani, lakini sina. Nililifikiria jiko lile kabla ya tofali la kwanza. Nililichora kwenye karatasi za mkate. Sasa litakuwa zuri, nina hakika, na litakuwa zuri kwa sababu mimi sipo.

Tania atakuja mwezi ujao. Mwambieni ukweli tafadhali, hata ule wa kunihusu mimi.

Jérémie


Kazimia, 12 Novemba 2023

Shemeji Jérémie,

Habari za ghala? Sisi tuna mvua na tope, na darasa langu linavuja juu ya ubao tu, kwa hiyo siwezi kuandika, naongea. Siti amemtoa kuku wake. Dawa ya mgongo imefanya kazi, mama ameinama peke yake kuokota kijiko akatuonyesha sote. Mpe pole Pulchérie, na mwambie aongee.

Tania alikuja. Ni mfupi, anavaa mabuti, hakujua hata kusalimia kikwetu. Aliuliza swali lako la jana kwa maneno yale yale, nikafikiri ni wewe. Mama akavuta kigoda, akamkalisha jikoni kati ya sufuria, akaanza. Shemeji, sikujua kama mama ana maneno mengi hivyo. Alilitukana jiko kuanzia msingi. Alisema mlango uko upande wa upepo. Alisema trei ni ndefu kwa mikono ya mwanamke mmoja. Alisema kila mama anapaswa kuwa na chumba chake na mlango wake humo ndani, apunguze moto wake mwenyewe, atoe samaki wa rangi yake. Wengine wakapata nguvu, kila mtu akasema lake, hata waliokuwa wakishukuru kwa sauti kubwa zaidi. Tania alikuwa anaandika jasho likimtoka. Mimi nilikaa mlangoni na nililia kidogo, kwa ghadhabu, sikufichi. Maneno yale yote yalikuwepo tangu Februari.

Fundi amekwisha kuja kuvunja upande mmoja. Wanasema litakuwa na milango minne. Tania anasema Casimir ameridhika na wafadhili wamekubali kungoja. Jina lako halikutajwa na fundi wala na Tania. Nasema hivyo kwa sababu usiposikia kutoka kwangu utasikia kutoka kwa Useni.

Mama alikuwa hajui kwamba uliomba mwenyewe kuondoka. Nilimwambia jana, tukichambua mboga. Aliuliza kama ulifukuzwa. Nikasema hapana, alijitoa ili ninyi mpate kusema. Akaendelea kuchambua mpaka sahani ikajaa. Kisha akasema:

"Basi sasa iko mukwe tu. Mukwe tu, bila jiko. Ambia yeye sitamudanganya tena."

Nikamwuliza kama nikuandikie hivyo hivyo. Akasema niandike hivyo hivyo, nisilainishe.

Fanny